Nilikata bati za asbesto kwa grenda mchana mzima kabla sijajua nakata nini

Naandika hii kwa yeyote mwenye jengo la zamani lenye zile bati nzito za kijivu zenye mawimbi, ambazo tunaziita bati ila sio chuma, ukizigonga zinalia kama chungu na sio kama debe. Kama unapanga kuzikata, kuzitoboa au kuzibomoa, soma kwanza ndo ushike kifaa. Mi nilishika kifaa kwanza nikasoma baadaye, na hiyo baadaye imeninyima usingizi wiki kadhaa na kunitoa hela ambayo sikuwa nimeipanga kabisa.

Ilikuwa hivi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la zamani, nikataka kulifupisha ili nijenge chumba pembeni, kwahiyo bati 11 za paa zilitakiwa zipunguzwe kama shubiri mbili kila moja. Nikazishusha na kijana mmoja wa kunisaidia, nikazilaza juu ya mbao mbili, nikafunga diski ya kukatia mawe kwenye grenda nikaanza. Zilikuwa zinakatika vizuri sana, hiyo ndo kitu iliyonidanganya, diski inaingia kama kwenye sabuni na vumbi linatoka nyuma ya mashine kama moshi wa injini mbovu, jeupe linaloelekea kijivu, laini kuliko poda. Halikuwa linaanguka haraka kama vumbi la mchanga. Ule mwanga wa jioni ulipoingia chini ya mwembe nikaona limening'inia hewani halitulii, ila nikaendelea, si ni saruji tu.

Watoto wangu wawili walikuwa wanabeba vipande vilivyokatwa wanavipanga ukutani, maana niliwaambia tutavitumia kutengeneza kinjia cha kwenda bombani. Yule mdogo alikuwa anapuliza vumbi kwenye kipande ili achore na mkaa. Hiyo picha bado ninayo kichwani mpaka leo.

Kwenye bati la tisa nilisimama kubadilisha diski nikaangalia pembeni pale nilipokata. Kulikuwa na vinyweleo. Vidogo, vyeupe, vimesimama kama katani iliyochanwa, vingine virefu kama kope. Nikavifuta kwa kidole gumba, vikalala, nikavipuliza vikasimama tena. Sikujiuliza kwanini saruji iwe na nywele.

Aliyenisimamisha ni jirani yangu, mzee mmoja ambaye alikuwa fundi wa kuezeka miaka mingi kabla hajastaafu. Alisikia mlio, akaniambia baadaye kwamba ule mlio wa diski kwenye bati hizo haufanani na mlio wa tofali wala chuma na yeye anaujua hata akiwa usingizini. Hakuingia uani. Alisimama kwa mbali upande ule upepo unakotoka, akanipungia mikono yote miwili mpaka nikazima mashine. Akasema, "Kijana wangu zima hiyo kitu, alafu watoe watoto hapo, sasa hivi, usimalize hata hilo ulilonalo."

Nikamwambia shikamoo mzee, kuna nini? Hakuitikia hata salamu. Akaniuliza nimeshafagia? Nilikuwa nimeshafagia nusu, kwa fagio kavu, nikalirundika pembeni. Akafumba macho. Akaniambia weka fagio chini, chukua maji, mwagia taratibu kama unamwagilia miche, usirushe kwa ndoo maana utalirudisha hewani.

Hapo nikadhani anakuza mambo, niseme ukweli. Nilimwaga maji kwa heshima tu. Na jioni ile nikafanya kosa lingine kubwa kuliko yote, nikaingia ndani na nguo zile zile, nikakaa kwenye kochi, mke wangu akazichukua akazikung'uta nje kabla ya kuziloweka, zake na zangu na za watoto beseni moja.

Kesho yake mzee akaja mwenyewe, akakaa, akaanza kunieleza. Zile bati ni saruji iliyochanganywa na asbesto, kama sehemu moja ya kumi hivi ya uzito wake ni asbesto na iliyobaki ni saruji. Asbesto ni madini ya mwambani ila yana umbile la nyuzi, na kila uzi ukiupasua unapasuka kwa urefu unakuwa nyuzi nyembamba zaidi, na hizo zinapasuka tena, mpaka zinafika wembamba ambao jicho halioni. Zile zinazohesabiwa kwenye vipimo vya hewa ni zenye upana chini ya maikroni 3, wakati unywele wa mtu una kama maikroni 70. Kwahiyo vile vinyweleo nilivyovifuta kwa kidole sio vilivyotakiwa kunitisha. Vya kutisha ni vile ambavyo sikuviona.

Alafu hili nataka lieleweke vizuri maana ndo wengi tunakosea. Bati likiwa zima juu ya paa, halijavunjika, halijachakaa, saruji imezishika nyuzi zake na halikudhuru sana kwa kukaa tu pale. Hatari unaitengeneza wewe, dakika ile unapowasha mashine. Msumeno wa mkono unatoa vumbi, lakini diski inayozunguka inasaga saruji na nyuzi pamoja na kuzirusha, na hewa pale puani kwako inakuwa na nyuzi mara nyingi sana zaidi ya zile za msumeno wa mkono. Mi nilichagua kifaa kibaya kuliko vyote kwa sababu kilikuwa rahisi.

Nikapeleka kipande maabara. Kwa watakaofanya hivyo, usikate kwa msumeno ili upate sampuli, loanisha kona iliyoshavunjika, chomoa kipande kama ukucha wa kidole gumba kwa koleo, weka kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, uweke ndani ya mfuko mwingine, andika kilipotoka. Majibu yalichukua siku 6. Asbesto nyeupe, na kiasi kidogo cha bluu, hizo ni aina mbili za asbesto. Kwa macho huwezi kujua, saruji inaficha rangi zote, na bati za siku hizi ambazo hazina asbesto zinafanana nazo kabisa ila zinatumia nyuzi za mimea au za plastiki. Kama jengo ni la kabla ya nchi yako haijapiga marufuku hiyo kitu, hesabu kwamba ipo mpaka maabara iseme haipo.

Nikaenda kwa daktari nikitaka nipigwe picha siku hiyo hiyo, mimi na watoto. Alikataa kuwapiga watoto picha na nikakasirika, ila alikuwa sahihi. Hakuna kipimo kinachokuambia leo kama umevuta nyuzi juzi. Picha ya kifua itakuwa safi, na itakuwa safi mwakani, magonjwa haya yanachukua miaka 20, 30, 40 na zaidi ndo yajitokeze. Akaniambia mchana mmoja ni mdogo sana ukilinganisha na mtu aliyefanya kazi hiyo miaka, hatari yangu imeongezeka kidogo, sio sifuri, na hakuna kiwango ambacho mtu anaweza kukuapia kwamba hiki hakina neno. Akaandika kwenye mafaili yetu tarehe, aina ya kifaa, masaa mangapi, watoto walikuwa umbali gani. Kama na wewe yamekupata, omba iandikwe hivyo hivyo, hiyo karatasi ni ya daktari atakayekuona uzeeni wakati wewe umeshasahau. Akaniuliza kama navuta sigara. Nilikuwa navuta. Akanieleza hesabu ya utafiti wa Marekani uliochapishwa 1979 wa mafundi waliokuwa wakifunga vihami joto vya asbesto: asbesto peke yake iliwaongezea hatari ya kansa ya mapafu mara 5 hivi, sigara peke yake mara 10 hivi, na aliyekuwa na vyote viwili zaidi ya mara 50. Niliacha wiki ile. Sikuacha kwa urahisi ila niliacha.

Sasa kuna siku nikaenda kumshukuru mzee, tukakaa barazani kwake. Ana kikohozi kikavu ambacho nilikuwa nakisikia miaka yote kupitia ukuta na sikuwahi kumuuliza. Akipanda ngazi tatu za baraza anasimama anashika nguzo. Akaniambia alianza kuezeka mwaka 1969, akiwa na miaka 16, akaacha 1990. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata kona. Sikujua hii, labda na wewe hujui, bati za mawimbi za asbesto zina unene, kwahiyo pale bati nne zinapokutana huwezi kuzilaza zote, lazima kona mbili zikatwe mshazari ili zikae sawa. Karibu kila bati linakatwa kona. Yeye alikuwa kijana wa kona, anakata chini wenzake wanapanda nazo, kwa msumeno miaka ya mwanzo, alafu ikaja mashine na kila mtu akafurahi. Na kila bati linatobolewa matundu ya bolti. Saa sita mchana wanakung'utana migongo kwa mikono kabla ya kula.

Akaniuliza swali moja tu. "Wewe unasoma. Hebu nitafutie. Wakati sisi tunakata, kuna mtu alikuwa anajua?"

Nilidhani jibu litakuwa hapana, kwamba ni mambo yaliyogundulika juzi. Nikakaa na hilo swali karibu miezi miwili, nasoma usiku, naandika tarehe kwenye daftari, upande mmoja kilichojulikana na upande mwingine mzee alikuwa wapi. Nitawawekea hapa maana naona ndo kitu muhimu kuliko hata habari ya paa langu.

Mwaka 1898 Uingereza kulikuwa na mkaguzi wa viwanda mwanamke, Lucy Deane, aliandika kwenye ripoti ya serikali kwamba vumbi la asbesto linadhuru, na likiangaliwa kwa darubini chembe zake ni kali zenye ncha kama vioo. 1898. Bati zenyewe zilikuwa hazijaanza, Ludwig Hatschek wa Austria alipata hataza ya kutengeneza saruji ya asbesto mwaka 1901. Yani onyo lilitangulia bidhaa. Mwaka 1906 daktari wa London, Montague Murray, aliieleza kamati ya serikali habari za mgonjwa wake aliyefanya kazi miaka 14 kiwandani, akafa na mapafu yaliyojaa makovu, na kabla hajafa alisema wenzake kumi wa chumba kile wote wameshakufa. Mwaka huo huo Ufaransa mkaguzi Denis Auribault akaripoti vifo kama 50 kwenye kiwanda cha kusokota asbesto. Mwaka 1918 ikaandikwa Marekani kwamba makampuni ya bima ya maisha yanakataa wafanyakazi wa asbesto. Hapo niliweka kalamu chini. Mtu wa bima anapiga hesabu na hela zake, hawezi kumkataa mteja bila sababu.

Mwaka 1924 akafa Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto kule Rochdale Uingereza, miaka 33, daktari Cooke akaandika habari zake kwenye jarida la madaktari na 1927 akaupa ugonjwa jina, asbestosisi, mapafu yanajaa makovu yanakuwa magumu hayatanuki. Alafu 1930 serikali ya Uingereza ikatoa ripoti ya Merewether na Price, waliwapima wafanyakazi 363, zaidi ya mmoja kati ya wanne alikuwa na makovu, na kwa waliokaa kwenye vumbi miaka 20 na zaidi ilikuwa wanne kati ya watano.

Hiyo ripoti ndo ikaleta kanuni za 1931, na hapa naomba usome polepole kama nilivyosoma mimi, mara tatu. Kwenye orodha ya kazi za hatari zilizotajwa ndani ya zile kanuni kuna kukata kwa msumeno, kusaga na kukwangua, kukiwa kukavu, vitu vilivyotengenezwa kwa asbesto yote au sehemu tu. Kukata kukavu. Kitu kile kile nilichofanya mimi chini ya mwembe, kimeandikwa kwenye sheria mwaka 1931 na dawa yake imeandikwa pia, mashine ya kufyonza vumbi. Ila sentensi inamalizikia kwa kusema ni pale kazi hiyo inapofanyika katika kutengeneza vitu hivyo. Yani ndani ya kiwanda. Bati likitoka getini likapakiwa kwenye lori, sheria inabaki getini. Bati ni lile lile, msumeno ni ule ule, vumbi ni lile lile, lakini yule wa kiwandani anafungiwa mashine ya kufyonza na yule wa saiti hapewi hata neno. Kati ya sheria hiyo na mzee kupewa msumeno wake wa kwanza ilipita miaka 38.

Nilipomsomea hilo alininyamazia muda mrefu. Alafu akasema tu, "Soma tena hapo pa msumeno."

Na katikati ya hiyo miaka 38 hawakukaa bila kujua zaidi. Ujerumani ilikubali mwaka 1943 kwamba kansa ya mapafu iliyoambatana na asbestosisi ni ugonjwa wa kazini. Mwaka 1955 mtafiti wa Uingereza Richard Doll akaonyesha kwamba wanaume waliofanya kazi miaka 20 na zaidi kwenye kiwanda kimoja cha asbesto walikuwa na hatari ya kansa ya mapafu karibu mara kumi ya watu wengine. Mwaka 1960 Afrika Kusini, mtafiti Wagner na wenzake wawili wakaandika habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, kansa ya ile ngozi laini inayofunika mapafu, wa maeneo ya migodi ya asbesto ya bluu kule kaskazini magharibi mwa mkoa wa Cape, na baadhi yao hawakuwahi kuingia mgodini, walikuwa wakazi tu, wengine waliishi pale wakiwa watoto.

Mwaka 1965 London, watafiti Newhouse na Thompson wakachunguza wagonjwa 83 wa mesotelioma. Wengine hawakufanya kazi na asbesto, ndugu zao ndo walifanya, na habari iliyojirudia sana ni ya mke aliyekuwa anafua nguo za kazi za mumewe. Mmoja mume wake alikuwa mpakuzi wa bandarini, alirudi kila jioni mweupe kwa asbesto na yeye alikuwa anamkung'uta kwa brashi. Niliposoma hapo niliamka nikaenda chumbani nikamwangalia mke wangu amelala. Sikumwambia siku hiyo. Nilimwambia baada ya wiki, na alichokasirikia ni kwamba nilikaa nalo wiki nzima, na alikuwa na haki.

Basi mzee anaanza kazi 1969. Mwaka huo huo ndo Uingereza wanaandika kanuni mpya zinazotoka nje ya kiwanda mpaka kwenye ujenzi, zikaanza kutumika 1970. Kiwango kilichotumika nazo kwa asbesto nyeupe kilikuwa nyuzi 2 kwa kila mililita ya hewa. Hebu piga hesabu na mimi, mtu wa kazi anavuta kama mita 10 za ujazo kwa shifti, hizo ni mililita milioni 10, zidisha mara 2, nyuzi milioni 20 kwa siku na bado upo ndani ya kiwango. Alafu angalia walivyokuwa wanasogeza: Marekani ilikuwa nyuzi 5 mwaka 1972, ikawa 2 mwaka 1976, ikawa 0.2 mwaka 1986, ikawa 0.1 mwaka 1994. Kila wakiangalia vizuri wanakuta kiwango cha jana kilikuwa kinaua. Shirika la utafiti wa kansa la umoja wa mataifa liliiweka asbesto kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu mwaka 1977, mzee akiwa na miaka 8 kazini na 13 mbele yake. Iceland ikapiga marufuku 1983, Uingereza bluu na kahawia 1985 na nyeupe 1999, Australia mwisho wa 2003, Afrika Kusini 2008.

Najua kuna watakaosema kujua ni safari, sayansi inaenda polepole, watu wa zamani tusiwahukumu kwa macho ya leo. Kwa mesotelioma nakubali kidogo, kabla ya 1960 ilikuwa haijaeleweka vizuri. Ila kwamba vumbi la kukata linaharibu mapafu, hilo lilikuwa limeshaandikwa, limeshapimwa na limeshatungiwa sheria kabla mzee hajazaliwa. Hawakukosa kujua. Kilichokosekana ni mtu wa kubeba hayo maneno kutoka kiwandani mpaka kwenye paa, na huyo mtu hakutumwa. Bidhaa ziliuzwa na maelezo ya jinsi ya kuzikata, lebo za onyo zikaja baadaye, na mzee anasema katika miaka yake yote 21 hakuwahi kuona hata moja kwenye saiti zao.

Kuhusu banda langu. Zilibaki bati kwenye upande wa pili, na vile vipande, na lile vumbi. Nilifanya kosa la tatu, nikamwita jamaa wa bei rahisi aliyekuja na nyundo na kusema tunazipasua vipande vidogo ili zienee kwenye gari. Nilimrudisha. Nikatafuta watu wenye kibali, wakaniambia bei ambayo kwangu ni mishahara ya miezi miwili na nusu, karibu mara nne ya kile nilichokuwa nimekadiria kwa kazi yote ya paa. Nilikopa. Chumba cha pembeni hakijajengwa mpaka leo.

Nilisimama mbali nikawaangalia wanavyofanya na nilijifunza mengi. Kwanza hawakukata kitu. Walipulizia maji yenye sabuni kidogo kwa pampu ya mkono, sio mpira wa presha, ile presha inachubua saruji na kuachia nyuzi. Walifungua bolti moja moja, iliyoshika kutu wanakata bolti yenyewe na sio bati. Walishusha bati likiwa zima, kutoka mkono kwa mkono, bila kuliburuza juu ya lingine. Hakuna aliyekanyaga bati, wanapita juu ya mbao, kwa sababu hizi bati zikizeeka zinavunjika ghafla na watu wengi wamekufa kwa kutumbukia. Wakazifunga kwenye plastiki nzito mara mbili, gundi kila mahali, wakaandika ni nini, zikaenda kwenye dampo linaloruhusiwa kuzipokea. Walivaa maski za mpira zenye kichujio cha P3, yani cha daraja la juu la kuzuia chembe ndogo, na yule mwenye ndevu alikuwa amenyoa, maana maski ikikaa juu ya ndevu hewa inapita pembeni. Kitambaa na zile barakoa za karatasi za hospitali hazisaidii kitu. Pale nilipokatia walikwangua udongo wa juu ukiwa umeloweshwa ukaenda nao. Ndani tulifuta kila kitu kwa vitambaa vibichi tukavitupa navyo vimefungwa, kochi likaondoka, zile nguo zikaondoka.

Na usichome. Bati hizi kwenye moto zinapasuka kwa mlio na kurusha vipande. Na usigawe vipande kwa majirani wala kutengenezea njia kama nilivyotaka mimi. Kuna mji unaitwa Casale Monferrato kule Italia, kiwanda cha saruji ya asbesto kilikuwepo tangu 1907 mpaka 1986, na watu walikuwa wanachukua mabaki na unga wa pale wanamwaga kwenye nyua zao na darini, na mesotelioma imewaua hata ambao hawakuwahi kufanya kazi kiwandani. Kama bati zako ni nzima na huna haja ya kuzitoa, ziache, zipake rangi, zikague kila mwaka, hiyo inatosha kwa sasa. Kama ni lazima kitu kipite kwenye paa, panga kipite mahali pengine.

Mzee nilimshawishi aende hospitali na daftari letu. Alikuwa hataki, anasema kikohozi ni cha uzee. Alipigwa picha ya kawaida na ile ya mashine ya kuzunguka (CT scan), akapuliza kwenye kipimo cha pumzi, wakakuta makovu chini ya mapafu yote mawili na utando ulioganda kwenye ile ngozi ya ndani inayofunika mapafu, wakamwambia ni asbestosisi. Haina dawa ya kuiondoa. Wamempa chanjo za mafua na nimonia, mazoezi ya kupumua, na kumwangalia kila baada ya miezi sita. Alirudi ametulia kuliko alivyokwenda. Alisema miaka yote alikuwa anadhani yeye ni mvivu, wenzake wa rika lake wanapanda kilima yeye anakaa njiani.

Kuna madai anaweza kufungua, ila wanataka historia ya kazi, wapi, lini, nani alikuwa msimamizi, nani shahidi, na hapa ndo pagumu, saiti nyingi hazipo, karatasi hazipo, wenzake wengi wameshafariki. Kama una baba au mjomba aliyefanya kazi ya kuezeka, ya mabomba, ya karakana, bandarini, kaa naye sasa hivi wakati bado anakumbuka, uandike. Sisi tunaandika kila Jumamosi. Anaanza na paa, sio na mwaka, anakumbuka mteremko wake, bati ngapi, upepo ulikuwa unatoka wapi, alafu kutoka hapo tunatafuta mwaka. Tumefika majengo 31. Jana saa nne usiku kanipigia, nikashtuka nikadhani kazidiwa, kumbe kakumbuka lingine, ghala la mifuko karibu na reli, miezi minne, yeye na mwenzake aliyekuwa anashika ncha ya bati wakati yeye anakata. Jina la mwenzake lilimjia wakati anafunga mlango. Nimeliandika.